Stempu za Magari ya Enzi ya Ukomunisti: Duka la Ghorofani Karibu na River Road

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa mteja wa duka moja dogo la stempu lililo ghorofa ya pili ya jengo la zamani, kati ya Mtaa wa Tom Mboya na River Road, jijini Nairobi. Duka lenyewe halina jina wala kibao, na mwenyewe hatangazi biashara yake popote, kwa hiyo nimeona ni haki nilieleze kwa wanaopenda stempu, kwa wanaopenda magari ya zamani, na hasa kwa wale ambao, kama mimi, hupenda vyote viwili. Ninaandika juu ya sehemu moja tu ya bidhaa zake, nayo ni stempu, bahasha na vigari vya kuweka kabatini kutoka nchi zilizotawaliwa na vyama vya Kikomunisti, yaani Umoja wa Kisovieti, Ujerumani Mashariki, Chekoslovakia, Polandi na Hungaria, tangu baada ya Vita vya Pili vya Dunia hadi mwisho wa miaka ya themanini. Stempu za Afrika Mashariki anazo pia, tena nyingi, lakini hizo zina wajuzi wake.

Baba yangu alikuwa fundi wa magari katika Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wa mjini hadi leo huiita Grogan, nami nililelewa katikati ya gia zilizofunguliwa na mikebe ya grisi. Magari tuliyoyajua yalikuwa Peugeot, Datsun, Volkswagen na Land Rover. Ya nchi za Kikomunisti niliyaona kwa mara ya kwanza kwenye stempu, katika pakiti moja niliyoinunua kwingine mjini nikiwa kijana, na pakiti ile ilinitia hasara, kwa sababu muuzaji alikuwa ameihifadhi mahali penye unyevu na nusu ya stempu zilikuwa zimegandana migongo kwa gundi yake. Tangu hapo nilinunua stempu kwa woga, mpaka mwenzangu mmoja wa kazini aliponielekeza kwenye ngazi hizi.

Siku ya kwanza nilimkuta mwenye duka akipanga bahasha kwenye kisanduku cha viatu. Ni mzee mwenyeji wa Unguja aliyehamia Nairobi miaka mingi iliyopita, na lahaja yake haijamtoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti. Watafuta nini?"

Nilimwambia natafuta stempu zenye picha za magari, za Urusi au Ujerumani Mashariki. Alinyamaza kidogo, kisha akaweka mezani vitu viwili, albamu nene yenye jalada jekundu upande mmoja, na kile kisanduku cha viatu upande wa pili.

"Za albamu hazijasafiri," akasema. "Za kisanduku zimesafiri. Wataka zipi?"

Wakati ule sikuelewa swali hilo. Nilichagua albamu, kama anavyofanya kila mgeni, kwa sababu stempu zake zinang'aa, meno ya kingo zake yamekamilika, na mihuri yake imekaa vizuri kwenye pembe bila kuchafua picha. Ilinichukua karibu mwaka mzima kufahamu alichokuwa akinieleza, na kwa kuwa hilo ndilo jambo kubwa ambalo mnunuzi wa stempu hizi anapaswa kulijua kabla hajatoa hata shilingi moja, nitalieleza kwa urefu.

Sehemu kubwa ya stempu za nchi hizo zinazozunguka duniani zina muhuri wa posta, lakini hazikuwahi kubandikwa kwenye barua yoyote. Serikali zilizokuwa zikihitaji fedha za kigeni zilichapisha stempu kwa wingi kupita mahitaji ya posta zake, zikazigonga muhuri zikiwa bado karatasi nzima nzima, kisha zikaziuza nje kwa bei nafuu kwa wafanyabiashara waliozifunga kwenye pakiti za watoto na wanaoanza kukusanya. Muhuri mmoja hugongwa pale pembe za stempu nne zinapokutana, kwa hiyo kila stempu hupata robo ya duara, safi, daima mahali pale pale. Ukiigeuza stempu hiyo utakuta gundi yake iko vile vile, haijaguswa na maji wala ulimi. Muhuri unadai stempu imefanya kazi, gundi inakanusha, na kati ya mashahidi hawa wawili mkusanyaji huamini gundi.

Ujerumani Mashariki ilikwenda mbali zaidi. Kwa takriban miaka thelathini, kuanzia miaka ya hamsini hadi mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika seti nyingi zilizotolewa kulikuwa na stempu moja iliyochapishwa kwa idadi ndogo kuliko wenzake, ambayo mwananchi wa kawaida hakuipata kwa urahisi kwenye dirisha la posta. Waliopewa nafasi ya kuinunua ni wakusanyaji waliosajiliwa, na mkusanyaji wa nje aliyetaka kukamilisha seti alilazimika kulipia zaidi. Mzee huyu anazijua stempu hizo moja moja, na amezitenga kwenye ukurasa wake. Seti ikikosa hiyo moja hukwambia kabla hujauliza, na bei hushuka. Kwa uaminifu huo peke yake duka hili linastahili safari ya kupanda ngazi.

Tuje kwenye magari. Albamu ya Kisovieti ndiyo tajiri kuliko zote. Ina seti ya 1971 inayoonyesha magari yaliyokuwa yakitoka viwandani wakati huo, miongoni mwake Moskvich-412, Zaporozhets ZAZ-968 na Volga GAZ-24, pamoja na lori kubwa la machimboni la BelAZ. Ina pia sehemu nzuri ya mfululizo wa historia ya magari ya Kisovieti ulioanza kutolewa 1973, ambao miongoni mwa stempu zake za mwanzo kuna ya lori la AMO-F-15. Malori 10 ya kwanza ya aina hiyo, yaliyopakwa rangi nyekundu, yalipita Uwanja Mwekundu wa Moscow katika gwaride la tarehe 7 Novemba 1924. Ukiitazama stempu ya lori hilo kwa kioo cha kukuzia unaona kila kitu ambacho fundi angetaka kukiona, hata njiti za magurudumu na mkono wa kuwashia injini kwa mbele. Wachoraji wake walikuwa watu walioheshimu mashine.

Ninachowaomba wasomaji wakifahamu ni kwamba stempu hizi ziliwapangia watu magari kwa namna ambayo mtaa haukuwapangia. Kwenye seti, Volga na Zaporozhets zinakaa bega kwa bega, kana kwamba raia alikuwa na hiari ya kuchagua. Mtaani, Volga ilikuwa gari la maofisa na la teksi, na Zaporozhets, lenye injini ndogo ya kupozwa kwa hewa iliyowekwa nyuma, ndilo alilolitarajia mtu wa kawaida. Gari lililobadilisha hali hiyo lilikuwa Zhiguli, ambalo huku nje lilijulikana kama Lada, lililoanza kutengenezwa 1970 katika mji wa Tolyatti kando ya Mto Volga, kutokana na mkataba uliotiwa saini 1966 na kampuni ya Fiat. Lilikuwa Fiat 124 iliyoongezewa nguvu kwa ajili ya barabara mbovu na baridi kali, na mji wenyewe ulikuwa umepewa jina la Palmiro Togliatti, kiongozi wa Wakomunisti wa Italia, miaka miwili kabla ya mkataba huo. Wazo kwamba gari la kigeni halifai barabara zetu mpaka fundi aliimarishe springi na bodi halihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote aliyekulia Grogan.

Lakini gari lililonivutia zaidi ni Trabant. Lilitengenezwa Zwickau, Ujerumani Mashariki, kuanzia 1957 hadi 1991, na yalitoka zaidi ya milioni 3. Jina lake lina maana ya mwandani, au kitu kinachozunguka kingine angani, na lilichaguliwa mwaka ule ule ambao Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza. Bodi yake haikuwa bati. Chuma cha karatasi kilikuwa adimu, kwa hiyo wahandisi wa Zwickau walitumia mabaki ya pamba kutoka Umoja wa Kisovieti, wakayachanganya na resini ya fenoli, wakayakandamiza kwa joto hadi yakawa maganda magumu yasiyoshika kutu, yaliyoitwa Duroplast. Mzee ana kitabu kidogo cha maelekezo ya Trabant 601, cha Kijerumani, chenye michoro mizuri, ambacho hakiuzwi, ila humruhusu mteja kukifungua mezani akiwa amenawa mikono. Nilimpigia baba picha ya ukurasa mmoja kwa simu. Alipoitazama alisema papo hapo kwamba injini ile ni ndugu ya injini za pikipiki za zamani na za misumeno ya kukatia miti, kwa sababu ni ya mapigo mawili, haina bakuli la oili, na oili yake lazima ichanganywe na petroli kwenye tangi. Aliuliza pia kwa nini tangi limewekwa chini ya boneti, juu ya injini. Jibu lilikuwa kwenye mchoro huo huo. Petroli ilishuka yenyewe hadi kwenye karbureta bila pampu, na dereva aliyetaka kujua imebaki kiasi gani alifungua boneti akaipima kwa kijiti. Silinda zilikuwa mbili, nguvu za farasi 26. Baba alisema gari la namna hiyo mtu angeweza kulifungua na kulifunga kwa siku moja na spana chache, na kwa kinywa chake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Sifa hiyo haikumsaidia aliyelihitaji gari leo. Familia za Ujerumani Mashariki zilijiandikisha na kungoja, na kungoja kulizidi miaka 10. Ndiyo maana Trabant lililotumika liliweza kuuzwa kwa bei kubwa kuliko jipya, kwa kuwa lililotumika lilikuwepo na jipya lilikuwa ahadi. Hapa Nairobi mambo hayo yanasikika kama hadithi za kubuni. Sisi gari huliagiza Japani likiwa limeshatumika, likashuka Mombasa, na linalotuchelewesha ni mkopo wa chama cha akiba na ushuru wa forodha. Kule mtu alikuwa na pesa mkononi na hakuwa na mahali pa kuzipeleka. Huko Polandi hali ilikuwa na sura yake, kwani watu waliweka akiba benki kwa ajili ya Fiat 126p, gari dogo lililoanza kutengenezwa 1973 ambalo wenyewe waliliita Maluch, yaani kadogo, wakasubiri zamu zao.

Sasa nirudi kwenye kisanduku cha viatu, kwa maana humo ndimo mna maisha ya mji.

Bahasha ninayoipenda kuliko zote niliinunua kwa shilingi 600. Ni ya karatasi hafifu yenye rangi ya chai ya maziwa, imekunjwa mara moja katikati, na kwenye pembe ya chini ina alama ya duara iliyoachwa na kikombe. Ina stempu mbili za fenigi 10 kila moja, za mfululizo wa majengo ulioanza kutolewa 1973, zinazoonyesha chemchemi ya Neptune jijini Berlin na nyuma yake majengo mapya. Fenigi 20 ndiyo iliyokuwa gharama ya barua ya kawaida ndani ya nchi hiyo, kwa hiyo aliyeipeleka hakubandika stempu kwa ajili ya urembo. Alilipia barua iende. Muhuri umegongwa kwa nguvu hadi wino umezama kwenye karatasi, umekata picha katikati na kuharibu chemchemi, na ukiuinamisha kwenye mwanga unasoma Zwickau, pamoja na tarehe ya Machi 1978 na saa ya kugongwa. Gari halipo kwenye stempu hiyo. Lipo kwenye muhuri, kwa kuwa mtu aliyeitumbukiza barua hiyo kwenye sanduku la posta aliishi katika mji ambao Trabant zilikuwa zikitoka kiwandani siku hiyo hiyo, na huenda yeye mwenyewe alikuwa anangoja la kwake.

Tangu nilipoipata bahasha hiyo nimeacha kununua za albamu isipokuwa ninapohitaji picha. Mzee alikuwa ameniambia ukweli tangu siku ya kwanza, na nashukuru kwamba hakunilazimisha kuuamini kabla sijauona.

Bahasha za Hungaria zilizomo kisandukuni zilinifundisha jambo jingine. Katika mgawanyo wa kazi wa viwanda vya nchi za Kikomunisti, Hungaria haikupewa jukumu la kutengeneza magari madogo kwa wingi. Ilitengeneza mabasi, nayo yalikuwa Ikarus, ambayo yalisambaa kutoka Berlin Mashariki hadi Moscow na kwingineko, likiwemo lile refu lenye kiungo katikati kinachokunjika kama kodiani. Tramu nazo, za aina ya Tatra, zilitoka Prague. Kwa hiyo msafiri wa Moscow, wa Budapest na wa Leipzig angeweza kupanda chombo kimoja, akashika nguzo ile ile, akashuka mbele ya nyumba zilizofanana. Nauli ya reli ya chini ya ardhi mjini Moscow ilikaa kopeki 5 kuanzia 1961 kwa takriban miaka 30. Msomaji wa Nairobi, ambaye nauli yake hupanda mvua ikianza kunyesha saa kumi na moja jioni na kushuka ikikatika, na aitafakari namba hiyo kwa muda.

Kuhusu nyumba, mzee mwenyewe ana la kusema. Mji wake wa Zanzibar ulijengewa maghorofa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, na maghorofa marefu ya Michenzani, ambayo kila aliyefika Unguja ameyaona, yalifuata mipango ya mji iliyochorwa na wataalamu wa nchi hiyo. Ninapomwonyesha stempu za mitaa mipya ya Berlin Mashariki yeye huiweka kando miwani, akaniambia, "Hizi nyumba kwetu zipo, mwanangu. Ndugu yangu akaa humo." Kwetu Kenya hatuna mtaa kama huo, lakini Kisumu kuna hospitali kubwa iliyojengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti katika miaka ya sitini, na wenyeji wakaipa jina la Russia, jina ambalo wazee wengi hawajaliacha pamoja na mabadiliko yote ya majina rasmi. Nilikwenda huko kumwangalia shangazi yangu miaka mingi kabla sijagusa stempu ya Kisovieti, na sikujiuliza jina lilitoka wapi.

Za Chekoslovakia nazitaja kwa upendo wa pekee. Nchi hiyo ilishikilia uchapaji wa bamba la chuma lililochongwa kwa mkono wakati wengine walipokuwa wakihamia njia za haraka, na ukipitisha ncha ya kidole juu ya stempu ya zamani, kwa wepesi, unausikia wino umeinuka. Ninayo moja yenye gari la Tatra ambayo nimeitazama mara nyingi kuliko picha za harusi yangu. Mwanga wa boneti umetengenezwa kwa mistari tu, mistari iliyokaribiana panapokuwa na kivuli na kuachana panapong'aa, na hakuna mahali wino umefurika. Hizi mzee huziuza kwa shilingi 40 hadi 80 kila moja, na kwa kazi iliyomo ni bei ya haki.

Vigari vya kuweka kabatini ni vichache, na sishauri mtu apande ngazi kwa ajili yake. Ni vya chuma, vya Kisovieti, vya uwiano wa 1:43, vyenye milango inayofunguka na maandishi ya Kirusi chini. Vilivyokuwepo nilipokwenda mara ya mwisho vilikuwa vitatu, na kimoja hakikuwa na gurudumu la nyuma. Bei ya shilingi 2,500 kwa kimoja ni kubwa mno.

Huduma ya duka hili ni ya utulivu. Unapewa kiti, kibano na kioo cha kukuzia, na hakuna anayekuharakisha. Stempu haishikwi kwa vidole, na mtoto akija na mzazi wake hupewa kibano kidogo na kufundishwa kabla ya kuonyeshwa chochote. Nimewahi kukaa saa mbili nikanunua stempu moja ya shilingi 20, na niliagwa kwa heshima ile ile ninayoagwa nayo ninapoacha elfu mbili. Malipo hupokelewa taslimu au kwa M-Pesa.

Kasoro zipo, na ni wajibu wangu kuzisema. Ya kwanza ni mwanga. Balbu ni moja, nayo ya rangi ya manjano, na chini ya mwanga huo stempu iliyofifia huonekana nzima. Mwaka jana nilinunua stempu ya Kisovieti kwa shilingi 450 nikiamini haina dosari, na nilipofika nyumbani na kuinua mbele ya dirisha niliona mgongo wake umechubuka hadi karatasi imekuwa nyembamba, na jino moja la pembeni limeundwa upya kwa ustadi. Niliirudisha siku ya tatu. Mzee aliitazama kwa muda mrefu, akasema na yeye aliinunua hivyo bila kujua, akanirudishia pesa zangu zote, kisha akaiweka kwenye bahasha aliyoiandika kwa kalamu nyekundu "ina dosari" ili isiuzwe tena kama nzima. Hakuna aliyepandisha sauti. Hata hivyo mnunuzi mgeni asingejua kuigeuza, kwa hiyo nashauri kila mtu atumie tochi ya simu yake palepale mezani.

Ya pili ni uhifadhi. Baadhi ya albamu zake ni za kurasa za plastiki laini zenye harufu kali, zile ambazo baada ya miaka hutoa unyevu wa mafuta na kuigeuza rangi ya stempu. Nimemweleza mara mbili. Ameanza kuzibadilisha, ila polepole, kwa kuwa kurasa nzuri huagizwa kutoka nje na bei yake si ya mchezo. Ukinunua stempu iliyokaa humo, ihamishe siku hiyo hiyo kwenye kurasa za karatasi. Tena msimu wa mvua ndefu usiziache karibu na ukuta wa nje, kwani unyevu wa Aprili katika nyumba zetu za mawe unatosha kuilainisha gundi.

Ya tatu ni bei za zile stempu zisizosafiri. Seti ya kawaida ya Kisovieti au ya Kihungaria yenye muhuri wa robo duara huuzwa hapo kwa shilingi 150 hadi 300, ilhali ni stempu zilizochapishwa kwa mamilioni na hazitapanda thamani katika maisha yetu. Mwenyewe anakiri hivyo ukimwuliza, lakini bei haishuki. Anunue anayeipenda picha, na asimdanganye mtu kwamba ni akiba. Bahasha za kisandukuni, kinyume chake, huziuza kati ya shilingi 200 na 600 bila kujali zimetoka wapi, na katika rundo hilo kuna vitu ambavyo mkusanyaji wa Ulaya angevilipia mara kadhaa. Nimesita kuliandika hili kwa kuhofia kisanduku kitaisha kabla sijakimaliza, lakini mzee anahitaji wateja kuliko mimi ninavyohitaji bahasha.

Anayekwenda kwa mara ya kwanza aombe kisanduku kabla ya albamu, na aulize hasa bahasha za miji ya viwanda, kama Zwickau, Eisenach yalikotengenezwa magari ya Wartburg, Mladá Boleslav ya Škoda, na Tolyatti ikipatikana. Zimechanganyika zote, hazijapangwa kwa nchi wala kwa mwaka, kwa hiyo mtu atenge angalau saa moja. Duka hufunguliwa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na nusu jioni siku za kazi, Jumamosi hufungwa saa saba mchana, na Ijumaa mzee huenda msikitini, hivyo kati ya saa sita na saa nane utakuta mlango umefungwa. Ngazi za mbele hazina taa. Zitumieni za upande wa nyuma, mlango wa pili baada ya fundi saa.